Vidole Kumi na Viwili vya Mtoto wa Kuagiza

Sehemu ya Tisa

Juma zima wewe umekula, umelala, umeenda kanisani na kurudi, na Mercyline bado amesimama pale pale penye karai la nepi, mkono wake umekamatwa na Phanuel Shivachi. Tumwachilie maskini kabla hajaota mizizi.

"Nimekuuliza," Phanuel alisema. "Hapa una nini?"

Kidole gumba chake kilikuwa kimetua ukingoni mwa mkono wa Mercyline, chini ya kidole cha mwisho, penye kinundu kidogo kama punje ya mtama. Wanaokiona hudhani ni chunjua. Wengi hawakioni kabisa.

"Niliungua, mzee. Sufuria ya chai."

"Uliungua." Akaukamata mkono wa pili, akaugeuza. Kinundu kingine, mahali pale pale. "Na huku?"

"Sufuria ilikuwa na mashikio mawili."

Kwa uongo wa haraka haukuwa mbaya. Lakini Phanuel hakucheka. Phanuel hajacheka tangu mtoto wake azaliwe, na sasa ni wiki sita.

Hapo ndipo Mercyline alipoogopa. Si kwa kukamatwa. Mama fua hukamatwa mkono kila siku, leo kwa soksi iliyopotea, kesho kwa sabuni iliyokwisha upesi. Kilichomtia baridi ni kile kidole gumba. Hakikutafuta. Kilikwenda moja kwa moja, kama mtu anayewasha taa nyumbani kwake bila kuangalia ukuta.

Kengele ya geti ikalia. Phanuel akamwachilia, akajifuta kwa suruali kama aliyeshika kitambaa cha deki.

"Wageni wakienda, mimi na wewe tutaongea. Saa hii enda upike."

Kama gazeti hili limekufikia likiwa limefunga mandazi na hujui tulikotoka, sikiliza haraka.

Phanuel na mkewe Audrey, wa Riruta Satellite, walikwenda kliniki moja kubwa mjini kuagiza mtoto. Sikusema kuzaa. Kuagiza, vile wewe unavyomwagizia fundi kitanda. Wakapewa katalogi ya wasichana wenye nambari, wakalamba kidole wakifungua kurasa, wakachagua yai la Nambari Kumi na Nne: mweupe, mrefu, wa chuo kikuu, simba wa hesabu, na jioni anapiga fidla. Yai likachanganywa na mbegu za Phanuel. Daktari akapanga matokeo kwenye kisahani, wa kike akawatupa, mmoja wa kiume akamtia tumboni mwa Audrey. Audrey akabeba miezi tisa huku akinunua nguo za rangi ya maziwa, ndizo zinazowafaa watoto weupe. Kisha akazaa mvulana mweusi tititi, mwenye afya ya ndama na vidole kumi na viwili mikononi. Wakamwita Sterling hata hivyo. Jina lilikuwa limeshashonwa kwenye blanketi.

Na Nambari Kumi na Nne? Ni Mercyline, mama fua wa Kibera, upande wa Makina, darasa la nane, ambaye fidla ameiona kwa televisheni tu. Weupe wake ulikuwa wa mkebe, krimu ya wiki tatu. Joho la mahafali lilikuwa la kukodi, na jina Annet kwenye fomu lilikuwa la kubuni. Yote kazi ya Kagiri, dalali wa mayai ya wanawake. Mara tatu alimpeleka kliniki, mara tatu wakamdunga na kumvuna. Fomu iliuliza kama ana kasoro mwilini, akajibu hana. Nyanya yake alivifunga vidole vyake vya ziada kwa uzi alipokuwa wa siku nne, vikanyauka, vikaanguka, na huko kwao Western kitu kikishaanguka hakisemwi tena.

Halafu Kagiri, kwa ule mdomo wake usio na kifungo, akajisifu kwamba mteja mmoja anakaa Satellite, nyumba yenye simba wawili wa simenti kwenye geti. Krimu ikaisha, uso wa Mercyline ukarudi ulivyokuwa, naye akaja kubisha kuomba kazi ya kufua. Alitaka kumwona mtoto mara moja tu. Hii ni wiki ya tatu anaona mara moja tu.

Haya, twende. Wageni wameketi.

Wa kwanza alikuwa Daktari Gikonyo mwenye kliniki, suti ya kijivu, kitambi, sauti ya mtu anayefariji wafiwa. Wa pili, amekumbatia faili, alikuwa Kagiri mwenyewe.

Mercyline aliingia na sinia ya chai. Kagiri akapokea kikombe, akainua macho, akamwona, na chai yote ikaenda kwenye zulia.

"Pole, pole, kikombe kimeteleza," alisema Kagiri, na kabla hajaulizwa akamfuata jikoni eti kutafuta kitambaa.

"Wewe! Unafanya nini hapa?"

"Nafua."

"Unafulia nani?"

"Watu wako. Nepi ziko nyingi."

"Mercyline, usinichomee picha mbele ya wateja. Ulitia sahihi. Ukifungua huo mdomo nitakupeleka korti mpaka usahau njia ya Kibera."

"Huko korti utaniita nani? Mercyline, Annet wa chuo kikuu, ama Kumi na Nne?"

"Wacha ujuaji!"

"Na fidla umeniletea? Nilikuwa naanza kuwa mzuri."

Kagiri alichungulia mlangoni, akarudi karibu, akashusha sauti. "Leo hii maneno inaisha. Saa nane kuna mama wa nyumba ya watoto anakuja na gari. Phanuel anatia sahihi, mtoto anaenda, daktari anawatengenezea mwingine. Saa tisa hakuna mtu anakumbuka kitu. Wewe pika ugali tu."

Mwiko ukasimama kwenye sufuria. "Anaenda wapi?"

"Mahali."

"Mahali wapi?"

"Mahali watoto huenda! Unaniuliza ni kama mimi ndio mamake?"

Akaondoka bila kitambaa. Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika kumi. Mercyline aliusonga ule ugali kana kwamba ndio utakaotia sahihi.

Sebuleni, Phanuel alikuwa amevaa miwani na kushika nakala ya fomu. Vidole vyake vya mwisho, kulia na kushoto, vilibeba pete mbili kubwa za dhahabu zenye mawe mekundu. Ukimwona kwa nyuma akipunga mikono ungedhani ni gari linafunga breki.

"Jinsia, mvulana. Hapo sina neno. Rangi, mweupe. Daktari, muangalie. Huyo ni mweupe wa wapi? Urefu, futi sita."

"Ana wiki sita, Bwana Shivachi."

"Dalili naziona. Hesabu, hodari."

"Bado hajaanza kuongea."

"Na kwa nini hajaanza?"

Daktari akafunganisha vidole juu ya kitambi. "Sayansi hufanya kazi na uwezekano."

"Fundi akiniletea stuli na niliagiza sofa, huniambia ni uwezekano?"

"Hapana."

"Basi! Na hivi vidole? Niliagiza vya ziada? Viko wapi kwa fomu? Mimi ni mtu wa kuvumilia, rangi ningesema labda jua. Lakini kidole cha sita kwa nyumba yangu? Watu wa kanisa wamekuja kumuona, mama mmoja akahesabu mara mbili akaomba miwani."

Audrey aliketi ukingoni mwa sofa, mtoto kifuani. Zamani Audrey aliitwa Mutheu, akisuka nywele penye kituo cha Kawangware 46 kwa stuli ya plastiki, na wateja walimpenda kwa sababu alikuwa na mkono mwepesi na masengenyo mengi. Alipoolewa akavuka kuingia Satellite, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na tangu siku hiyo akisikia Kawangware huuliza iko upande gani. Ngozi yake pia ilikuwa ya mkebe. Mercyline aliifuta vumbi mikebe hiyo kila Jumanne, mitano, aina ile ile aliyonunuliwa na Kagiri. Ndio sababu Audrey alimtaka mtoto mweupe kwa jino na ukucha: mtoto mweusi angewafanya watu wamwangalie mama mara mbili.

Sasa mtoto mweusi alikuwa ananyonya, na mkono wake wa vidole sita umeshika kifungo cha blauzi kama mtu aliyeshika tikiti yake.

"Phanuel," Audrey alisema taratibu, "kidole si kinakatwa tu. Dakika tano."

"Na rangi utakata?"

Audrey akamvuta mtoto karibu zaidi.

"Tutasema alikufa," Phanuel aliendelea, kwa sauti ya mtu anayebadilisha chaneli. "Watu watasema pole, watakunywa chai, watasahau. Mwaka ujao tunaleta yule wa kweli."

Nyuma ya mlango, Mercyline alishika fremu. Ameshikwa na hasira mara nyingi maishani, lakini nyingi zilikuwa za maji kukatika na nguo zimelowekwa. Hii ilikuwa ngeni kwake. Ilimpanda kutoka miguuni.

"Karatasi iko tayari," daktari alisema. "Lakini nasikia harufu ya kuku. Si vizuri kutia sahihi jambo zito na tumbo tupu."

"Mercyline! Leta uma na visu!"

"Ugali kwa uma?" Daktari akacheka mpaka kitambi kikaitikia. "Baba yangu angefufuka anichape. Leta maji tunawe, binti."

Phanuel akatabasamu kwa meno tu. Wiki tatu zote Mercyline hajawahi kumwona akila kwa mkono. Hata mandazi aliyadunga. Lakini mgeni akishasema tunawe, mwenye nyumba atasema nini? Atanawa.

Mercyline alikuja na jagi la maji ya uvuguvugu, beseni, na taulo begani. Akaanza na daktari, mikono laini isiyowahi kukamua blanketi. Akaja kwa Kagiri, ambaye alinawa huku akiangalia mlango hadi nusu ya maji ikaenda kwenye soksi. Halafu Phanuel.

Phanuel alizichezea pete zake. Alizungusha ya kulia. Akakohoa. Akazungusha ya kushoto. Akazitoa zote mbili haraka, akazificha chini ya sahani, akaingiza mikono kwenye beseni ikiwa ngumi.

"Mwaga."

Mercyline akamwaga. Ngumi hazinawi, msomaji wangu, jaribu uone. Sabuni ikamlazimisha kuzifungua.

Na pale, chini ya kidole cha mwisho, ambapo ule mduara mpana wa dhahabu hukaa mchana na usiku, palikuwa na punje ya mtama. Kulia moja. Kushoto moja.

Kumbe! Mtu alifungua katalogi nzima ya wasichana wa Nairobi, akachagua kwa rangi, kwa urefu, kwa fidla, na akaangukia mwenzake wa kufungwa uzi.

Mercyline aliacha kumwaga. Saa ilikuwa saba na nusu. Akinyamaza, atalipwa jioni, atarudi Makina na siri yake nzima, na mtoto atakuwa mahali watoto huenda. Akisema, hajui.

"Endelea," Phanuel alisema, povu likimtiririka.

"Mzee, hapa una nini?"

"Wapi?"

"Hapa chini ya kidole cha mwisho."

Daktari akaacha kuangalia kuku, akaangalia mkono.

"Msumari," Phanuel alisema. "Nilidungwa nikiwa mdogo."

"Na huku?"

Phanuel akaurudisha mkono kwenye povu. Kagiri, ambaye kazi yake ni kusaidia wateja, akasaidia: "Labda msumari ulikuwa na ncha mbili."

Audrey akasimama na mtoto wake. "Lete mkono."

"Audrey, tuna wageni."

"Lete huo mkono, Phanuel."

Akauvuta ukiwa na povu lake, akauweka kando ya ule mdogo. Akaangalia huu. Akaangalia ule. Vidole vyake vya msusi, vilivyozoea kutafuta njia kwenye nywele bila kuangalia, vikapita juu ya kile kinundu mara mbili.

"Miaka saba," alisema. "Uliniambia hizi pete ni za heshima."

"Ni mama alinifunga uzi! Sikuitisha! Na vilianguka! Si vilianguka?" Phanuel aliwageukia wote, mmoja mmoja, sauti imepanda kama ya mtoto aliyevunja chupa.

"Vilianguka mkononi tu, mzee. Damuni vilibaki," alisema Mercyline.

Alijua. Tangu siku ya kwanza wodini, nesi alipofunua blanketi, Phanuel alijua, na wiki sita amekuwa akipiga kelele ili asisikie anachojua. Mwanamume mzima, simba wawili kwenye geti, anataka kumtupa mtoto ili asivue pete.

Daktari Gikonyo ndiye aliyefurahi. Alifunga faili kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa tayari umemega ugali. "Kwa hivyo kidole ni cha mteja. Kliniki haina kosa. Tule."

"Na rangi?" Phanuel alifoka. "Rangi ni ya nani?"

"Rangi?" Audrey alicheka, na kile kicheko kilikuwa cha Mutheu, cha Kawangware 46, cha kusikika hadi ng'ambo ya barabara. "Wewe kioo ulikiangalia mwisho lini? Stima ikipotea tunakutafuta kwa kupapasa, Phanuel! Kagiri, enda geti. Huyo mama akija mwambie ageuze gari."

Kagiri akasimama. Mercyline akavuta pumzi ya kwanza tangu asubuhi.

Ungefikiri tumefika. Hata mimi ningependa tufike, kuku amepoa.

Simu ya daktari ikalia juu ya meza. Mikono yake ilikuwa mchuzi hadi kwenye vifundo.

"Binti, nibonyezee hapo pa kijani. Weka sauti, niko na mafuta."

Mercyline, jagi mkono wa kulia, akaichukua simu kwa wa kushoto, akabonyeza. Sauti ya mwanamke ikajaa sebuleni.

"Daktari? Ni Wanza. Msichana wetu amezaliwa asubuhi. Daktari, ana vidole sita! Mikono yote miwili! Bwana yangu kwao ni Machakos na mimi ni Kitui, kwetu hakuna kitu kama hiyo hata moja. Hiyo yai ya Kumi na Nne ilikuwa na nini?"

"Bibi Wanza, nitakupigia," daktari alisema, mdomo umejaa. "Binti, bonyeza nyekundu. Nyekundu!"

Mercyline hakubonyeza.

"Si changu!" Phanuel aliruka, beseni likapinduka. "Mmesikia? Kidole si changu, ni cha huyo msichana wa picha! Wametuuzia mbovu! Kalamu iko wapi?" Akaikamata kalamu kwa mikono ya sabuni, ikateleza, akapiga magoti kuitafuta chini ya meza, kinundu kulia, kinundu kushoto, anaapa si chake.

Audrey hakumtazama. Alikuwa anatazama picha ya Nambari Kumi na Nne kwenye faili lililoanguka na kufunguka beseni lilipopinduka, akiitazama kama msusi sasa. Watu wa krimu hujipaka uso, shingo na mikono, na wanaotumia mkebe wanajuana kwa masikio, kwa sababu masikio husahauliwa. Msichana wa picha alikuwa na uso wa chapati na masikio ya Kibera. Audrey akainua macho. Akayaona masikio yale yale, kando ya taulo la kunawia.

Akashuka kwenye mikono. Mercyline alitaka kuificha, lakini aifiche wapi? Mmoja umeshika jagi, mwingine umeshika simu, na ndani ya simu Wanza anaita, "Haloo? Daktari? Haloo?"

"Kumi na Nne," Audrey alisema polepole.

Nje, honi ikalia kwenye geti. Mara moja, halafu tena. Mama wa nyumba ya watoto alikuwa mtu wa saa.

Kagiri alikuwa ameshafika mlangoni, na si kwa nia ya kugeuza gari la mtu. Audrey akampita kwa bega, akazungusha ufunguo, akautumbukiza kwenye blauzi yake, kando ya shavu la mtoto.

"Hakuna mtu anatoka hapa. Si wewe Kagiri, si wewe daktari. Na wewe Phanuel, baki huko huko chini ya meza." Akamgeukia Mercyline, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu akamwangalia usoni. "Walikutoa mayai mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Daktari. Huyu mtoto wangu ana ndugu wangapi?"

Daktari Gikonyo alimeza. Alilamba mchuzi, akainua mkono wa kushoto, akaanza kukunja vidole kimoja kimoja, midomo ikicheza, mtaa kwa mtaa: Karen, Lavington, Kitengela, Karen tena. Mkono wa kwanza ukaisha. Akaingia wa pili, taratibu zaidi. Syokimau. Ruaka. Nao ukaisha.

Akabaki amekaa hivyo, vidole vyote kumi vimekunjwa na midomo bado inacheza, kisha macho yake yakahamia kifuani mwa Audrey, pale mkono mdogo mweusi ulipokuwa umeshika kifungo, kama mtu anayetaka kuazima kile cha sita.